Alininywesha chai miaka miwili, nikamkamata mwanawe

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni askari wa kike, nina miaka 36, cheo changu ni mkaguzi msaidizi. Kwa miaka miwili na miezi kadhaa sasa ni polisi kata kwenye mji mdogo kando ya Ziwa Victoria. Jina la kata naomba nisilitaje. Kwetu ni Tanga, mume wangu yuko Dodoma kikazi, watoto wako kwa mama yangu, na huku ninaishi peke yangu kwenye vyumba viwili vya kupanga.

Nilipofika, kata hii ilikuwa haiongei na polisi. Ukipita mwaloni, wanaoanika dagaa wanainama kana kwamba wamedondosha kitu. Nyumba inavunjwa usiku, asubuhi hakuna jirani aliyesikia hata mbwa. Wananchi waliniambia baadaye kwamba aliyenitangulia alikuwa anakuja na pikipiki, anabeba mtu, anaondoka, wanamwona tena siku ya kubeba mwingine.

Nikaamua kuanza upya. Nikajifunza "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Wasukuma, na jinsi ya kuipokea. Nikaenda misibani, nikakaa mkekani na kina mama, nikachambua mchele. Namba yangu ya simu niliiandika kwa chaki kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, na mvua ikiifuta naiandika tena. Asubuhi mbili tatu kila wiki nilikunywa chai kwenye benchi la mama ntilie mmoja, nitamwita Mama S., jirani na kijiwe cha bodaboda. Siku ya kwanza nilitoa hela, akanifunga kiganja: "Polisi wangu halipi chai." Nikaona kumkatalia ni kumtukana. Sikutoa tena.

Matunda yalionekana. Bodaboda walianza kuniita dada. Aliyekuwa mstari wa mbele ni S. mwenyewe, mwana wa huyo mama, miaka 25, mcheshi, anajua kila anayeingia na kutoka. Kwa taarifa zake tulikamata watu watatu waliokuwa wanaiba injini za mitumbwi. OCD wangu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, alinisifia mbele ya wenzangu.

Miezi minane iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikwapuliwa simu. Nilipoulizauliza, nikaikuta kwa S. Aliapa kwamba hakuikwapua, ameinunua bei ya kutupa kwa mtu asiyemjua. Mshauri, nilijua kabisa kwamba mali ya wizi ni mali ya wizi. Lakini nilifikiria zile injini, nikafikiria mama yake. Nikamwambia ailete kimya kimya, nikamkabidhi mwalimu. Mwalimu akauliza, "Alikuwa nayo nani?" Nikamjibu, "Mwalimu, si simu umepata?" Sikuandika popote. Tangu siku ile mwalimu ananisalimia kwa kichwa tu, na nasikia huwaambia watu kwamba mimi nina wezi wangu.

Sasa la juzi. Mwezi uliopita, saa nne usiku, mke wa S. alikuja mlangoni kwangu akiwa peku, kanga ameibana mdomoni imelowa damu. Meno mawili yalikuwa yanacheza. Kabla sijamaliza kuvaa viatu, Mama S. naye akafika, anahema. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hili ni la ndani. Tutalimaliza asubuhi kwa chai."

Nilimpigia konstebo, tukaenda, tukamkamata S. Mkewe akapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa kituo cha afya, jalada likafunguliwa Dawati la Jinsia. Wakati tunampakia, S. alinitazama akasema: "Leo umekuwa afande? Juzi si ulikuwa dada?" Vijana wa kijiwe walisikia.

Sasa hivi S. yuko nje kwa dhamana. Mkewe amerudi kwao. Nikipita kijiweni mazungumzo yanakatika kama redio iliyozimwa. Jina langu jipya ni "Dada Afande", na hawalisemi kwa upendo. Wiki mbili zilizopita nyumba mbili zimevunjwa, hakuna aliyenipigia. Isitoshe, juzi nikiwa dukani nanunua vocha, mwanamke nisiyemjua alinisogelea akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye uliyemkamata mume wa fulani?" Nikamjibu, "Ndiyo." Akaondoka. Kwa hiyo sasa hata wasionijua wananinyooshea kidole.

Lililonivunja kabisa ni hili. Jumatatu Mama S. alimtuma mtoto ofisini kwangu na karatasi nne zilizochanwa kwenye daftari la mistari. Ni bili. Ameandika tarehe moja moja, nyingine kwa kalamu ya bluu, nyingine nyekundu, kuna ukurasa mzima wa penseli. Mwishoni: chai 271, chapati 320, jumla 241,300. Nililia kama mtoto.

OCD ananiambia, "Nilikuonya. Umewazoea mno wamekuvua kofia. Sasa simama kama polisi." Mume wangu anasema niombe uhamisho. Mimi sijui. Je, kosa langu lilikuwa kuwapenda watu? Niwe mkali kama aliyenitangulia? Ile bili nilipe, au kulipa ni kukubali kwamba nilikuwa nanunuliwa?

Dada Afande, Kanda ya Ziwa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, afande. Na marahaba, binti, maana nikisoma barua yako naona imeandikwa na wote wawili, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Nianze na nilichokielewa, unisahihishe kama nimekosea. Uliingia kwenye kata iliyofunga mdomo, ukaifungua kwa salamu, misiba na benchi la chai. Ukaribu ule ukakupa taarifa, taarifa zikakupa sifa. Halafu ukaribu uleule ukakufikisha mahali ambapo ilibidi uchague kati ya mwanamke anayevuja damu na mama aliyekulisha. Ulichagua, na sasa unalipa. Unachoniuliza ni kama ukaribu na mamlaka vinaweza kukaa kwenye sare moja, au ni lazima kimoja kivuliwe.

La usiku ule sitalizungusha. Kumkamata S. hakukuwa ukali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya zamani kukuzidi wewe, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na hata pale ambapo sheria inatoa nafasi ya watu kupatanishwa kwenye kesi za kushambuliana zisizo nzito, nafasi hiyo iko mahakamani, mbele ya hakimu. Haiko kwenye sufuria ya mama mkwe. Hilo ulilijua ukiwa bado unafunga kamba za viatu. Hapo huna swali kwangu, una maumivu tu, na maumivu ni haki yako.

Swali lako liko kwenye simu ya mwalimu. Umeiandika kwa haraka, kama mtu anayeruka dimbwi, kisha ukarudi kwenye chai. Naomba turudi tulitazame hilo dimbwi.

Wewe unaamini kijiwe kimekugeuka kwa sababu umekuwa mkali. Nina shaka. Vijana wa bodaboda wanakamatwa na trafiki kila wiki, wanalipa faini, na kesho wanataniana naye palepale barabarani. Ukali hauwashangazi. Jaribu kukaa kidogo kwenye kiti chao. Wanajua kuhusu simu, usijidanganye, S. aliwasimulia jioni ileile. Siku ya simu ulikuwa dada. Siku ya mke ukawa afande. Wao wanajiuliza: ni kipi kinachombadilisha huyu? Je, mimi nikikosea kesho, nitamkuta nani? Hawana jibu kwa sababu hukuwahi kuwaonyesha mpaka uko wapi, na nahisi wewe mwenyewe ulikuwa hujauchora. S. alipokuambia "Juzi si ulikuwa dada?" ulisikia tusi. Mimi nasikia pia mshangao wa kweli wa kijana aliyedhani ameshaelewa sheria za mchezo.

Nina mfano wa nyumbani. Karibu kila ukoo una shangazi mmoja ambaye binti anaweza kumweleza lolote: mvulana, mimba, mkopo wa kijinga. Shangazi huyohuyo akisimama kwenye kikao cha ukoo, hata wajomba wananyamaza. Hakuna anayesema amekuwa kigeugeu. Na binti aliyemfungulia moyo Jumanne hashangai akikemewa naye Jumamosi, kwa sababu toka utotoni anajua yapi shangazi atayabeba na yapi atayapeleka kikaoni. Ukaribu wake una kingo, na kingo zile zinajulikana na ukoo mzima. Watani nao ni hivyohivyo. Mtani atakuja kwenye msiba wako akizuia watu wasipite mpaka alipwe, mtacheka na machozi yenu, lakini kila mtu anajua pale utani unapoishia.

Wewe uliwapa watu ukaribu. Kingo hukuwapa. Sisemi hivyo kukusuta. Chuoni Moshi mlifundishwa gwaride, sheria na upelelezi. Sidhani kama kuna somo la nini cha kufanya mama wa mtu anapokufunga kiganja na kukataa hela yako.

Na kuna mtu mmoja kwenye barua hii ambaye hajapata hata mstari wa huruma yako. Mwalimu. Yeye hakukunywesha chai, hakukuletea taarifa za injini. Alikuja kama raia, akauliza swali la haki kabisa, ukamjibu kwa swali. Wema wako kwa S. ulitoka mfukoni mwa mwalimu. Ndipo ninapokuomba uchunguze lile neno uliloniuliza, kama kosa lako lilikuwa kuwapenda watu. Uliwapenda watu gani? Waliokaa karibu na benchi.

Natoka kidogo nje ya mada. Baba yangu mdogo alikuwa sajenti enzi zile za kaptula na soksi ndefu. Akirudi nyumbani alikuwa anavua kofia, anaiweka juu ya kabati la vyombo, na sisi watoto tulikuwa tunasubiri hilo kabla ya kumrukia. Nilidhani ni mbwembwe. Nilipokuwa mtu mzima nikaelewa kwamba alikuwa anatusaidia tujue tunaongea na nani. Wewe unaishi mbali na mumeo, mbali na wanao, huna kabati la kuwekea kofia. Benchi la Mama S. ndilo lilikuwa kazi na ndilo lilikuwa nyumbani. Naomba ujiulize polepole, bila kujihukumu: zile asubuhi 271, ngapi ulienda kusikiliza kata, na ngapi ulienda kwa sababu vyumba viwili vya kupanga vina kimya kikali? Sioni aibu kwenye jibu lolote. Ila ukijua, utajua pia kwa nini karatasi nne za daftari zimekuliza kuliko lawama za OCD.

Tuje sasa kwenye hizo karatasi, maana zimenikosesha usingizi hata mimi.

Umesema tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, nyekundu, na penseli. Binti, hiyo bili haikuandikwa usiku mmoja kwa hasira. Mtu mwenye hasira anachukua kalamu moja na kupiga hesabu ya jumla. Hizi ziliandikwa siku baada ya siku, kwa chochote kilichokuwa karibu na jiko. Yaani tangu asubuhi zile za mwanzo, wakati anakuambia "Polisi wangu halipi," alikuwa akigeuka anaandika. Ina maana gani? Inaweza kuwa mazoea tu. Mama ntilie anayeishi kwa kukopesha huandika kila kikombe, hata cha mwanawe. Inaweza kuwa alijiambia siku moja atahitaji kuionyesha. Inaweza pia kuwa alikuwa anaona fahari, kama mtu anayehesabu wageni wake. Mimi siwezi kujua nikiwa huku, na nisingependa wewe uamue kwa kutazama karatasi peke yake. Ninachoweza kusema ni kwamba wewe uliona zawadi na yeye aliona daftari, kwa miaka miwili, mkiwa mmekaa bega kwa bega.

Kulipa au kutolipa? Ukilipa, kuna watakaosema umekiri. Kuna atakayesema umemrudishia mama ukarimu wake usoni. Usipolipa, zile karatasi zitakaa kwenye droo yako, na nakala yake itakaa kwenye mdomo wa kijiwe. Lugha yetu yenyewe imeshaichafua chai; askari akiomba rushwa barabarani, haombi rushwa, anaomba "ya chai". Hilo liliandikwa kabla wewe hujazaliwa na huwezi kulifuta. Kama ningekuwa mimi, ningeona shilingi 241,300 ni nyepesi kuliko kuibeba ile hesabu. Lakini ningelipa kwa heshima, nikiwa na mtu mzima wa kushuhudia, pengine mwenyekiti wa mtaa au mama mwingine anayemheshimu, na ningemwomba aandike "imelipwa" kwa mkono wake. Ningemwambia pia jambo moja ambalo hela haisemi: kwamba chai yake ilikuwa nzuri, kwamba alinipokea wakati sikuwa na mtu, na kwamba kesi ya mwanawe haimo kwenye karatasi hizo. Akikataa hela, usimlazimishe siku hiyo. Ila usinywe.

Kuhusu ushauri wa OCD. Usimdharau. Mtu aliyeongoza askari kwa miaka ameona wengi waliomezwa na mitaa yao: anaanza na chai, anaishia kulinda mzigo usiku. Anaposema simama kama polisi, anaogopa kwa niaba yako. Hata hivyo unajua mwenyewe ukali mtupu ulizaa nini, kwa sababu uliukuta: dagaa, migongo iliyoinama, na usiku usiosikia mbwa. Huko uliko wazee wanakumbuka vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wanaibwa na watu hawaoni msaada wa dola, Usukumani na Unyamwezini waliunda sungusungu wao. Wezi walikamatwa kweli. Na pamoja nao waliumia watu waliotuhumiwa uchawi tu. Siku hizi tunasoma kila mara habari ya "wananchi wenye hasira kali". Ukiichimba, mara nyingi utakuta watu ambao hawakuona sababu ya kupiga simu kwanza. Kata inayomwogopa polisi hainyamazi tu. Inatafuta njia nyingine.

Uhamisho nao si aibu. Kuna watu wamechoka mpaka hawafai, na kupumzika ni sehemu ya kazi. Kama usiku hulali, kama umeanza kuchukia sauti ya simu yako, basi mumeo anaona kitu ambacho mimi sikioni. Ila pima mawili. Benchi lipo kila kata Tanzania. Lile jipya litakuwa na mama mwingine, na mkono utakaokufunga kiganja. Na kule nyuma utamwacha mke wa S., ambaye kesi yake bado mbichi. Atabanwa na wakwe ailegeze, na mtu pekee aliyemfungulia mlango usiku ule atakuwa mkoa mwingine. Pengine hilo halitoshi kukubakiza. Lipime tu.

Na kama utabaki, njia hiyo nayo ina miiba yake. Simu ya mwalimu utaifanya nini? Kulisema kwa OCD mwenyewe, kabla hajalisikia kwa namna mbaya zaidi, kunaweza kukuletea adhabu ya kinidhamu, sitakuficha hilo. Kunyamaza kunamwachia S. silaha, na siku kesi itakapochemka, wakili wake au ndugu zake wanaweza kuitoa. Ukiamua kusema, anza juu kabla ya kwenda kwenye mkutano wa mtaa, na ongea kwanza na mtu wa jeshi anayekutakia mema. Mtandao wa Polisi Wanawake una akina mama waliopita huko wakiwa koplo, kabla simu hazijaingia mifukoni. Mmoja wao atakuelewa kuliko mimi.

Kwa mwalimu sidhani kama unahitaji kibali cha mtu ili umwambie, "Uliniuliza swali, nikakujibu vibaya." Maneno hayo hayafungui jalada wala hayalifungi. Yanaweza kukugharimu kiburi cha dakika tano. Anaweza pia kukukatalia, na ana haki hiyo.

Kesi ya S. yenyewe, kaa mbali nayo kadiri utakavyoruhusiwa. Wewe ni shahidi, na umekula kwao. Mwache mpelelezi wa Dawati aifanye bila mkono wako. Usiijadili kijiweni hata wakikuchokoza, hasa wakikuchokoza. Na siku taarifa zitakapoanza kuja tena, na zitakuja, zipitishe kwa mkuu wako wa upelelezi. Mtoa taarifa anayemilikiwa na askari mmoja mwishowe humiliki askari. S. hakuwa mtu mbaya alipokuletea habari za injini. Lakini alikuwa anaweka akiba, na wewe ulimwachia daftari. Mama na mwana wote wawili walikuwa wanaandika. Tofauti ni kwamba mama aliandika kwa kalamu.

Hizo kingo ninazozisema utazionyeshaje? Sijui kata yako, kwa hiyo nakupa wazo la kulichezea tu. Kwenye mkutano wa mtaa, bila kutaja jina la mtu, unaweza kusema kwa Kiswahili cha kawaida yapi utayasuluhisha ukiwa umekaa kwenye benchi na yapi ukiyasikia tu lazima yaende kwenye kitabu: kuku aliyevuka uzio, deni la nauli, matusi ya walevi, haya tutaketi. Damu, mtoto, mali ya wizi, haya nikijua nimeandika, awe mwanao au mwanangu. Halafu mwache mtu aulize maswali magumu, na atakuwepo. Huenda akawa mwalimu. Utasimama hapo uso ukiwaka moto, na hakuna maandalizi yatakayokuzuia kutetemeka kidogo.

Na wakishajua, rudi kwenye misiba. Sikuoni ukiwa na ubaya wowote mkekani na mchele wako. "Dada Afande" wamekuita kwa kejeli, nakubali. Majina ya kejeli huwa yanabadilika ladha mtaani kama pombe ya kienyeji, usilikimbilie wala usilikatae.

Nimeacha jambo moja mwisho kwa makusudi. Yule mwanamke wa dukani. Alikusogelea, akashusha sauti, akauliza kama wewe ndiye uliyemkamata mume wa fulani. Wewe umehesabu kidole kingine cha lawama. Mtu anayetaka kukulaumu, afande, kwa nini ashushe sauti? Kijiwe kilikulaumu mchana kweupe. Na hakuuliza kuhusu "mwana wa Mama S." wala "yule bodaboda". Alisema mume.

Ulimjibu neno moja, akaondoka. Inawezekana nimekosea, alikuwa mbea tu. Lakini sidhani alikuwa amemaliza alichokuja kuuliza. Unafikiri ukipita pale tena jioni, ukakawia kidogo kuchagua vocha, muuza duka atakuambia anaishi upande gani?